Kiti cha Mkwe Katika Banda la Video la Soni

Mama Faudhia alikuwa hakagui filamu mpaka kwanza awekewe kiti kitupu ubavuni pake. Kilikuwa kiti cha mbao, cha mgongo mrefu, na hakuna aliyeruhusiwa kukikalia, hata mimi niliyekuwa nawasha mashine. "Hapo amekaa mkwe wangu," aliniambia siku ya kwanza, na usoni hana mzaha hata chembe. "Sasa washa, Tobia."

Nilidhani mama wa watu amechanganyikiwa. Baadaye nilielewa kwamba kile kiti kilikuwa na akili kuliko sisi wote, ila kilikuwa na kasoro moja, na kasoro hiyo karibu ituulie mtoto.

Mimi nilikuwa mfasiri wa banda la video pale Soni. Nilisimama kando ya televisheni na kifimbo mkononi, nikiwaeleza watu wale Wazungu na Wachina wanasema nini, kwa Kiswahili, na kwa Kishambaa pale ambapo Kiswahili hakitoshi kuchekesha. Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha nne. Kichina changu nilikuwa nakitunga palepale. Hakuna aliyewahi kulalamika, kwa sababu filamu ikipooza niliitia chumvi, na watu wa Soni walizipenda chumvi zangu kuliko filamu zenyewe. Ulimi hauna mfupa, na wangu nilikuwa nauona kama kipaji.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa milango. Soko lilijaa mitumba, sabuni za kila rangi, redio za kaseti mbili, na Nassir, mfanyabiashara kutoka Tanga, akatuletea deki na televisheni ya inchi ishirini na moja, akajenga banda la mabanzi nyuma ya soko. Wiki ya pili tu, balaa. Mzee mmoja wa heshima aliingia na watu wa nyumbani kwake, mabenchi yakawa yamejaa, akajikuta amekaa ubavuni mwa mke wa mwanawe. Filamu ilikuwa ya polisi na majambazi, haina neno. Ghafla polisi akaacha kukimbiza majambazi, akamkumbatia mwanamke na kumbusu, kitu kirefu kisicho na mwisho. Mzee alitoka mbio akaacha kofia na kiatu kimoja. Mke wa mwanawe alijifunika khanga gubigubi, akabaki hivyo mpaka banda likabaki tupu. Yule mzee hakuonekana sokoni mwezi mzima.

Mtu wa mbali atacheka. Kwetu mkwe ni mtu wa kuonewa haya. Mama mkwe na mume wa binti yake hawakai benchi moja, hawali sahani moja, hawaitani majina. Wakikutana njiani mmoja anachepuka pembeni, wanasalimiana kwa mbali macho yakiwa chini, kila mtu anaendelea na safari yake. Kwa hiyo mtu wa Soni akiuliza kama filamu inafaa kwa familia, haulizii watoto. Anauliza kama mkwe anaweza kukaa hapo akatoka na heshima zake.

Mtendaji wa kata akalifunga banda. Nassir akalia machozi ya kweli. Mwisho wakakubaliana lifunguliwe, ila kila mkanda ukaguliwe kwanza na mtu asiyeogopa mtu, na jina likatoka moja tu.

Mwanaheri, tuliyemwita Mama Faudhia, alikuwa mjane mwembamba, mrefu, mwenye shamba la kabichi na karoti kwenye mteremko juu ya mji. Arusini yeye ndiye aliyesimamisha ngoma maneno yakizidi. Sokoni akisema kabichi hii haijakomaa, mnunuzi aliyetoka Dar na lori lake zima alikuwa anaondoka mikono mitupu, na akirudi wiki inayofuata anamwamkia kwanza. Neno lake akishalitoa halirudi. Nilimjua miaka mingi na nilikuwa sijawahi kumsikia akisema "nilikosea", hata kuhusu mvua.

Alikuja asubuhi, saa mbili, kabla ya kwenda sokoni, umande wa shamba bado uko kwenye pindo la khanga yake. Anakaa, anatazama filamu, halafu anakitazama kiti. Filamu, kiti. Akiona haya mbele ya kile kiti, anajivuta khanga kichwani na kusema neno moja: "Toa." Filamu moja ilitolewa kwa sababu kijana alizungumza na baba yake mikono iko mfukoni. Nyingine ilikuwa ya vita, watu arobaini wamelala chini wamekufa, nikajua hiyo haipiti. Akaipitisha bila kupepesa. "Hao wamekufa na nguo zao," alisema. "Mkwe ataona haya gani?"

Nilipigwa na butwaa, lakini nilicheka pia. Sikujua kwamba hapo ndipo ilipokuwa kasoro ya kile kiti. Kilipima aibu tu. Kifo kilikuwa hakikioni.

Na mkwe mwenyewe hakuwa wa kubuni. Aliitwa Zuberi, mpasua mbao wa msitu wa Shume, mtu mkimya mwenye mabega mapana. Alimwoa Faudhia, mtoto pekee wa Mama Faudhia. Faudhia alifariki hospitali kwa uzazi, yeye na kichanga chake siku moja. Aliacha binti wa miaka mitano, Sharifa.

Siku maiti ilipoletwa, Sharifa aliuliza mama yake yuko wapi. Zuberi, ambaye siku ile ukimwuliza jina lake angelikosa, akamwambia, "Mama amesafiri." Basi. Neno likatoka. Nani alirudishe? Zuberi alisema, kwa kupitia watu, kwamba kumwambia mtoto ni kazi ya bibi, ndiye anayemlea. Mama Faudhia alisema, kwa kupitia watu haohao, kwamba neno la baba halivunjwi na mama mkwe, labda kwanza wakae wazungumze. Na watakaaje? Mkwe na mkwe, wakae pamoja wazungumze habari za uzazi na kitanda cha hospitali? Haya ingewaua wote wawili. Kwa hiyo hawakukaa. Zuberi alishuka kutoka Shume kila baada ya wiki mbili, akaacha sukari na mafuta ya taa kwenye kizingiti, akasalimia kwa mbali, akambeba mwanawe kidogo, akaondoka.

Na sisi wengine tukausaidia uongo kukua. Ukimwuliza jirani, mama yuko Tanga. Ukimwuliza mwingine, yuko Muheza kwa shangazi. Mimi, Mungu anisamehe, niliwahi kumpa mtoto yule pipi mbili nikamwambia, "Amekutumia mama." Alizipokea kwa mikono miwili, akanitazama sana usoni. Hakuzila mbele yangu. Baadaye akaacha kuuliza kabisa, nasi tukafurahi kwamba amesahau. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na sisi wote tulikuwa tunaujua msemo huo, tunausema kwenye misiba ya watu wengine.

Sharifa alikuwa na miaka saba tulipoleta Farasi wa Mawingu. Jina hilo tulilipa wenyewe, la kwenye boksi lilikuwa refu na halitamkiki. Ilikuwa filamu ya msichana wa kifalme anayeruka angani juu ya farasi mwenye mabawa, kupigana na mchawi wa milima ya barafu. Hakuna busu, hakuna mapaja, na watoto wote wanawaamkia wakubwa zao, ingawa maamkizi mengine niliyatia mimi. Mama Faudhia alikitazama kiti mara moja tu, akasema inafaa. Katikati ya filamu mama yake msichana, malkia, anakufa. Wanamfunga nguo nyeupe, wanaume wanambeba mabegani, wanampandisha kilimani. Banda zima lililia. Akina mama walilia kwa sauti kama wako msibani, na mimi mwenyewe sauti ilikatika nikashindwa kufasiri.

Sharifa alikaa mbele, chini kwenye mkeka wa watoto. Hakulia. Aliomba aione tena, na tena. Aliiona mara nne. Tulisema mtoto yule anampenda farasi.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, masika yamekolea na barabara ya kwenda Mombo imefunikwa ukungu, Nassir akarudi kutoka Tanga amekumbatia kifurushi ndani ya koti. "Wee Tobia! Pati Tuu!" alipiga kelele kutoka mbali. "Nimeipata mie! Farasi wa Mawingu, Pati Tuu! Sehemu ya pili!"

Asubuhi iliyofuata Mama Faudhia alikaa mahali pake, kiti ubavuni. Nilimfasiria taratibu, bila chumvi, kwa kuwa yeye hakuzipenda. Mambo yalikwenda vizuri. Farasi amezeeka kidogo, mchawi amepata mdogo wake. Halafu yule msichana anaota ndoto, anaambiwa mama yake anaweza kurudi. Anachukua vazi la mama yake sandukuni, anashuka mpaka kwenye maporomoko ya maji, anaita mara tatu. Na maji yanafunguka, na malkia anatoka mzima, amelowa, anacheka, amefungua mikono.

Niligeuka kumwangalia mkaguzi wangu. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni na hayafuti. Mimi niliyemwona mwanamke yule hata siku ya mazishi ya bintiye akigawa kazi jikoni kwa sauti ya kawaida, nilishtuka nikaangusha kifimbo.

"Rudisha nyuma," akasema.

"Wapi, mama?"

"Hapo anapotoka."

Nikarudisha. Akaitazama tena, na tena. Mara ya tatu hakukitazama kiti hata kidogo. Alijipangusa, akasimama, akafunga khanga yake vizuri. "Inafaa," akasema. "Inafaa sana. Mwambie hata mkwe wangu aje."

Leo najiuliza kwa nini sikufungua mdomo. Mdomo ambao ulikuwa haufungi siku zote, siku ile ukakosa neno. Ukweli ni kwamba nilifurahi kumwona amefurahi. Mwanamke aliyemzika mtoto amepewa dakika mbili za kuona maiti inarudi inacheka, nani atamwambia "toa"?

Jumamosi saa nane mchana banda lilijaa mpaka watu wakachungulia kwenye nyufa za mabanzi. Mama Faudhia alikaa mbele upande wa wanawake. Zuberi alikuwa ameshuka kutoka Shume, akasimama nyuma kabisa upande wa wanaume, kofia mkononi. Sharifa alikuwa pale pale pake kwenye mkeka.

Na mimi, bwana, nilikuwa na watu mia mbele yangu. Nilitia chumvi kwa koleo. Mchawi nikampa lafudhi ya mtu wa Tanga, Nassir akacheka mpaka akakohoa. Tulipofika kwenye maporomoko, nikaona picha yenyewe inafanana kweli, miamba myeusi, ukungu, maji yanaanguka. Nikanyoosha kifimbo. "Akashuka mpaka maporomokoni," nikasema, "yaani ukiyaona ni haya haya yetu ya Soni! Pale pale chini ya barabara! Akatandika vazi la mama yake juu ya mwamba, akaita mara moja, kimya. Akaita mara mbili, kimya. Mara ya tatu..." Nikanyamaza kidogo, kama wafanyavyo mafundi. "Mama huyo!"

Watu walipiga makofi, walipiga vigelegele. Nikainama kama mfalme. Nilipoinua kichwa nikakutana na macho ya Sharifa. Alikuwa haitazami televisheni. Alikuwa ananitazama mimi, kwa makini, kama mwanafunzi anayesikiliza hesabu.

Jumapili asubuhi natoka kanisani, biblia kwapani, namwona Mama Faudhia anakuja katikati ya barabara bila viatu. Bila viatu, kichwa wazi. Nilishtuka kuliko kama ningemwona mtu anaruka na mabawa.

"Sharifa hayupo," akasema. "Nilikwenda kumwagia miche, nikarudi, hayupo. Na sanduku la mama yake liko wazi. Khanga ya Faudhia haimo."

Sikuhitaji kuuliza wala kufikiri. Nilisikia sauti yangu mwenyewe masikioni, ile sauti ya kujisifu: pale pale chini ya barabara.

"Maporomokoni," nikasema. "Mama, yuko maporomokoni." Nikaanza kukimbia.

Zuberi alikuwa amelala usiku ule kwa kaka yake karibu na stendi. Alituona tunapita, hakuuliza, akaacha kikombe cha chai kinamwagika, akatupita. Tulipofika, watu watano sita walikuwa tayari ukingoni wameshika vichwa. Masika yale maji yalikuwa mekundu, mengi, yanaunguruma mpaka kifua kinatetemeka. Na chini, kwenye ubapa wa mwamba unaotokeza juu ya maji, Sharifa alikuwa amesimama na sare yake ya shule. Alikuwa ameivaa ili apendeze. Mbele yake ametandika khanga ya Faudhia, imelowa, kona nne ameziwekea mawe.

Zuberi akashuka kwa tumbo, anang'ang'ania majani. Alipomkaribia, mtoto akarudi nyuma hatua moja. Nyuma yake hapakuwa na hatua ya pili.

"Usije, baba!" alipiga kelele. "Nimeshaita mara mbili! Bado moja!"

Zuberi akaganda. Sisi wote tuliganda.

Mama Faudhia akasogea ukingoni. Na unajua alisema nini? Mazoea ni kitu kibaya. "Sharifa, mjukuu wangu, rudi!" alilia. "Mama yako hayuko huko! Mama yako amesafiri!"

"Hajasafiri!" Sauti ndogo ile ilipanda juu ya maji, safi kabisa. "Amekufa! Nilichungulia dirishani nikamwona amefungwa nguo nyeupe! Sikujua ni nini. Halafu nikaona kwa malkia."

Sijawahi kupigwa na radi, lakini nadhani ni hivyo. Mwaka mzima mtoto huyu alikuwa anajua. Alijulia bandani kwangu, kwenye mkeka wangu, mimi nikiwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Alirudi mara nne kuhakikisha. Na kila tulipomwambia Tanga, kila tulipomwambia Muheza, alitusikiliza wakubwa zake kwa adabu, akanyamaza.

"Na wewe bibi uliiona kwanza," akaendelea. "Kabla ya watu wote. Ukasema inafaa."

Mama Faudhia aliikaza khanga yake kiunoni, akaanza kushuka. Mwanamke wa miaka sitini, kwenye matope yale. Akafika alipo Zuberi. Na Zuberi, pamoja na hali ile, mtoto wake yuko hatua moja na kifo, akainamisha macho na kujivuta pembeni kumpisha mkwewe, mguu ukateleza nusura aende na maji. Hata mwili wake ulikuwa umezoea kuchepuka.

"Zuberi," Mama Faudhia akasema.

Alikuwa hajawahi kulitamka jina hilo mbele ya mtu.

"Zuberi, nishike mkono."

Akatazama chini.

"Nishike mkono, nasema! Unaona haya ya nani? Aliyetufanya wakwe ameshakufa!"

Akamshika. Mkono wa mpasua mbao na mkono wa mama mkwe, mbele ya macho ya watu, mchana kweupe. Akamteremsha taratibu mpaka kwenye ubapa wa mwamba, yeye ameng'ang'ania mzizi. Mama Faudhia akapiga magoti kwenye ncha ya ile khanga, uso kwa uso na mjukuu wake.

"Nilikosea," akasema. Nililisikia kwa masikio yangu. "Filamu ile haifai."

"Haifai?"

"Haifai. Walioitengeneza wamesema uongo, na mimi niliupenda uongo wao. Mama yako amekufa, Sharifa. Nilimwosha mwenyewe kwa mikono hii. Hata ukiita mara mia, hatoki."

Mtoto alifikiri. Maji yanamrukia miguuni, na yeye anafikiri. "Bado moja," akasema.

Nilidhani Mama Faudhia atamkatalia, au atamrukia amkamate. "Haya," akasema. "Nipe mkono wako, tumwite wote. Na baba yako naye."

Wakaita. Zuberi na sauti yake nzito isiyozoea kutoka, bibi mtu na sauti ya kukauka, na ile ndogo katikati. Mmoja aliita mke wangu, mmoja aliita mwanangu, mmoja aliita mama. Baadhi yetu kule juu tuliyaangalia maji, watu wazima na akili zetu, na moyo unadunda, tunangoja yafunguke.

Hayakufunguka.

"Hakusikia?" Sharifa akauliza.

"Hasikii, mama. Hatasikia."

Hapo ndipo uso wake ulipokunjamana, ukafanya kile ambacho tulimnyima miaka mitatu. Alilia mpaka akaishiwa nguvu, akamwangukia bibi yake kifuani, na Zuberi akawavuta wote wawili kwa mkono mmoja. Sijui nguvu aliitoa wapi. Mimi nilishuka kuchukua ile khanga. Ilikuwa ni kazi ninayoistahili.

Mchana ule wanawake wa jirani walikuja na mikeka, wakakaa kama msiba wa siku ile ile. Hakuna aliyewaita. Wakapika makande kwenye sufuria kubwa, wakampa Sharifa pole mmoja mmoja, kwa jina lake, kama mfiwa mkubwa. Akazipokea kwa mikono miwili.

Mama Faudhia akanituma bandani. "Kalete kile kiti."

Nikakileta kichwani, mvua inaninyeshea. Akakiweka sebuleni, karibu na chake. Zuberi alikuwa amesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, matope yamemkauka magotini.

"Mkwe, kaa."

Alikaa ukingoni mwa kiti kama kitavunjika. Sharifa akajiweka chini katikati yao, macho yamevimba, na akaanza kuuliza. Maswali yote aliyoyaweka moyoni. Mama alikufa mchana au usiku? Aliumwa sana? Mtoto mdogo alikuwa na nywele? Wakamjibu kwa zamu, huyu anapoishia yule anaendelea, wala hawakutazamana.

"Alisema nini mwisho?" Sharifa akauliza.

Mama Faudhia akageuka. Yeye hakuwepo hospitali saa ile, alikuwa njiani na uji. Kwa miaka mitatu hakulijua jibu hilo, na hangeweza kumwuliza aliyelijua.

Zuberi aliishika kofia yake kwa mikono miwili. "Alinituma," akasema, na hakuwa anamwambia mtoto. "Alinituma kwako, mkwe. Nikashindwa kukufikia. Alisema, 'Mama asikae peke yake.'"

Nilimwangalia Mama Faudhia, nikakumbuka asubuhi zote zile, saa mbili, yeye na kiti kitupu ubavuni, na mimi nikicheka moyoni.

Akajivuta khanga kichwani. Nilingoja aseme "toa". Badala yake akawageukia wanawake waliokuwa jikoni.

"Mleteeni mkwe wangu makande, hajala tangu asubuhi," akasema. "Na mlete sahani moja. Tutakula wote."